Masalo ya sokoni kwa mifugo msimu wa joto: uyalishe mabichi, uyaanike, uyavundike, uyapike au uwape nzi chuma?

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukiwa umeshika Pwani, Dar es Salaam huwa na nyuzi 31 hadi 33 mchana, na usiku nao haupoi kiasi cha kusaidia. Huo ndio msimu ambao masokoni kuna vitu vya kumwaga. Maembe yanashushwa kwa malori, mananasi ya Kiwangwa yamejaa, matikiti yamerundikwa chini kule Temeke Stereo na Ilala, na ndizi za Mabibo nyingine zinaiva zikiwa bado njiani. Supamaketi nazo zinatoa mikate na mtindi vilivyofika tarehe. Mfugaji wa Goba, Kivule au Kigamboni akiona yote hayo, akakumbuka na bei ya mfuko wa chakula cha kuku, lazima macho yamtoke.

Tatizo ni kwamba huohuo ndio msimu ambao kiroba cha mboga kikikaa nusu siku kinaanza kuchemka chenyewe. Wengi wetu huanza kwa kuuliza mnyama gani anakula nini. Mimi naona maswali mawili yatangulie: zitapita saa ngapi tangu kitu kitupwe pembeni na muuzaji hadi kiingie horini, na katika mzigo huo unabeba maji kiasi gani? Ukishajibu hayo, kuchagua njia kunakuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Unabeba maji kiasi gani

Kilo mia ya masalo si kilo mia ya chakula. Hivi ndivyo kinachobaki, kwa makadirio, ukiondoa maji yote:

| Kilo 100 za | Uzito mkavu |
|---|---|
| Nyanya | kilo 5 hadi 6 |
| Matikiti, kabichi | kilo 8 hivi |
| Maembe | kilo 15 hadi 17 |
| Ndizi mbivu | kilo 20 hadi 25 |
| Viazi vitamu | kilo 23 hadi 30 |
| Maganda mabichi ya muhogo | kilo 30 hivi |
| Mkate | kilo 60 hadi 65 |

Sasa weka usafiri. Tuseme umekodi guta kwa shilingi 10,000 na likakubebea kilo mia. Ukipakia matikiti, kila kilo ya chakula chenyewe imekugharimu shilingi 1,250 kabla hujashika kisu. Ukipakia ndizi ni shilingi 400 hadi 500. Ukipakia mkate ni kama shilingi 160. Linganisha na bei ya kilo ya pumba za mahindi dukani kwako ndipo useme umepata bure. Kwa hesabu hii, matikiti na nyanya ni vya mtu anayekaa jirani na soko, au anayepita hapo kwa shughuli zake nyingine na gari lake lina nafasi. Kukodi kirikuu kutoka Mbezi kwenda kufuata nyanya zilizopasuka ni kulipia maji nauli.

Mnyama naye ana hesabu yake. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji takribani kilo moja ya uzito mkavu kwa siku. Akitegemea kabichi tupu, itabidi ale zaidi ya kilo 12, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Atajaa, ataharisha, atakonda huku hori halijawahi kuwa tupu. Nguruwe wa kilo 50 anayehitaji kama kilo mbili za chakula kikavu atamaliza kilo nane hadi kumi za ndizi akafurahi kabisa, lakini humo kuna wanga na sukari tu. Protini ya ndizi haizidi sana asilimia 4 ya uzito mkavu. Ndiyo maana nguruwe wa masalo peke yake huwa na tumbo kubwa na mgongo mwembamba. Mashudu ya alizeti au dagaa lazima viwepo, uwe umechagua njia yoyote kati ya hizi.

Kulisha siku hiyohiyo

Hii ndiyo njia ya watu wengi na kwa mwenye mifugo michache ndiyo bora. Haitaki pipa, haitaki mkaa, haitaki eneo. Inachotaka ni uamke mapema.

Kuna tofauti kubwa kati ya masalo ya alfajiri na ya jioni, ingawa kwa macho yanafanana. Malori mengi hushusha usiku na alfajiri, na uchambuzi unafanyika hapohapo: nyanya zilizominywa chini ya tenga, majani ya nje ya kabichi, ndizi zilizochomoka kwenye mkungu. Vitu hivyo vimeumia lakini havijaoza, na bado vina ubaridi wa usiku. Vya jioni vimeshinda juani, vimekanyagwa, vimemwagiwa maji mara kadhaa ili vionekane vibichi. Muulize muuzaji, kwa adabu, wala hatakuficha, maana hakuuzii:

"Shikamoo mama. Hizi za leo au za jana?"

"Marahaba baba. Hizo za leo, jua tu limezipiga. Zile za kwenye salfeti nyeusi usichukue, za juzi zile."

Usipopata wa kumuuliza, tumbukiza mkono katikati ya kiroba mpaka kwenye kiwiko. Kama ndani kuna joto kuliko nje, uchachu umeshaanza na hicho si cha kulisha kibichi tena. Kama mkono umetoka na utelezi na harufu ya kileo, kiache hapohapo au kipeleke kwa nzi chuma, wadudu wa kufugwa ambao nitawafikia. Kipimo hiki hakina gharama na sijaona kinachokizidi.

Kila fungu la mchicha au matembele lifumue kabla ya kulipeleka bandani. Mipira ile midogo ya kufungia, kamba za plastiki, na vipande vya nailoni vinakaa tumboni mwa mbuzi na ng'ombe bila kutoka, vinajikusanya hadi mnyama anaacha kula na hujui kwa nini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, ila vifungashio vyepesi vya mboga bado vimejaa masokoni, na mbuzi hasomi sheria. Nimeona mtu akimwaga kiroba kizima horini kwa sababu ana haraka ya kwenda kazini. Haraka ya namna hiyo afadhali mbuzi wasubiri jioni.

Maembe mazima, viazi na vichwa vidogo vya kabichi vikate. Ng'ombe haweki muda wa kutafuna kitu cha mviringo chenye utelezi. Kikimkaba kooni hawezi kutoa gesi, tumbo linavimba upande wa kushoto na una muda mfupi sana wa kumpata daktari. Kokwa la embe ni baya vilevile.

Kuku wana kanuni nyingine. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na joto likizidi hupunguza wenyewe. Ukimjaza kabichi na nyanya, nafasi ndogo iliyobaki ya kula chakula chenye madini na protini umeiziba, na mayai yanapungua wiki inayofuata. Masalo yasizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula. Hata hivyo maganda ya tikiti saa saba mchana, banda likiwa limefukuta na kuku wanahema midomo wazi, ni kitu kizuri mno. Hapo unawapa maji yenye ladha, hujawapa chakula, na ukilielewa hilo hutalalamika kwamba matikiti hayanenepeshi.

Kwa wote, lisha kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Kilichobaki horini zikishapita saa mbili tatu kitoe. Nzi wa kawaida hawasubiri, na jirani aliyeshindwa kula futari yake kwa harufu ya banda lako atakwenda kwa afisa afya wa kata.

Kuanika au kuvundika?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na kila upande una watu wake. Jua la Januari na Februari lipo, tena kali. Lakini hewa ya Dar ina unyevu wa bahari, na kitu kilichokauka saa tisa mchana kinaweza kurudi ulaini usiku kikiachwa nje. Dodoma mtu anaanika na kusahau. Hapa ukisahau unavuna ukungu.

Kwa hiyo uanikaji uutumie kwa vitu vichache vinavyostahili. Mkate ni wa kwanza. Una maji kidogo tangu mwanzo. Ukiukata vipande na kuutandaza kwenye wavu juu ya bati, siku moja ya jua la Februari inatosha. Kipande kikivunjika kwa sauti, kimekauka, kikipinda, bado. Ukishautwanga, unachanganya na pumba na unakaa wiki kadhaa kwenye ndoo yenye kifuniko. Mbuzi na ng'ombe wape kidogo na uwazoeshe kwa wiki moja au zaidi, kwani wanga mwingi wa ghafla unachachua tumbo la mnyama anayecheua na unaweza kumuua. Mkate wenye ukungu usikate sehemu mbaya ukaanika iliyobaki. Nyuzi za ukungu zimeshapita ndani hata pale unapoona peupe.

La pili ni maganda ya muhogo. Wauza mihogo ya kukaanga na kuchemsha wanayatupa kila siku, na mabichi yana sianidi ambayo kwa mihogo michungu inatosha kuua mbuzi. Kuyakatakata na kuyaanika siku mbili tatu hadi yavunjike kunaipunguza sana, na unabaki na wanga mzuri wa nguruwe na mbuzi. Kwa maganda haya sioni mjadala: hayaingii bandani mabichi.

Baada ya hapo orodha ya vya kuanika inaisha haraka. Kabichi kilo mia ikupe kilo nane za majani makavu yanayopeperuka? Ndizi mbivu nazo zinatoa sukari, zinanata kwenye turubai, zinaita siafu wa mtaa mzima. Na usianike chini barabarani.

Kinachonifanya niwe mkali kwenye uanikaji ni sumukuvu. Fangasi wanaoitoa wanapenda joto la nyuzi 25 hadi 35, yaani hali yetu ya kila siku, na nafaka au mabaki yenye unyevu unaopita asilimia 13 au 14. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyokula wenyewe. Kwa mifugo, vifaranga vya bata ndivyo vinavyokufa mwanzo. Ng'ombe wa maziwa anaweza asionyeshe dalili yoyote huku sehemu ya sumu ikipita kwenye maziwa unayouza. Moto wa jikoni hauiondoi. Anayekwambia "chemsha tu" anakudanganya bila kujua.

Kuvundika kunakwenda kinyume chake. Badala ya kupigana na unyevu, unafungia hewa nje na kuacha bakteria wa uchachu watengeneze asidi itakayokihifadhi chakula. Joto la Dar hapo ni msaada, uchachu unakwenda kasi. Kinachokwamisha ni maji kupita kiasi. Saileji nzuri, yaani chakula kilichovundikwa, inataka uzito mkavu wa kama asilimia 35. Ukipiga hesabu, kilo mia ya matikiti inahitaji zaidi ya kilo 50 za pumba kavu ili ifike hapo. Pumba hizo kama unazo, kwa nini usilishe zenyewe? Kilo mia ya ndizi mbivu inahitaji kilo 20 hadi 28 tu. Majani ya nje ya kabichi yakinyauka kivulini siku nzima yanakuwa afadhali, ila bado yanakula pumba nyingi. Kwa maoni yangu, Dar es Salaam kuvundika ni kwa ndizi, maganda ya ndizi, viazi vitamu vilivyokatika na maganda ya nanasi. Nyanya na matikiti tusisumbuane nayo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Katakata vipande vya sentimeta mbili tatu, changanya na pumba hadi ukikamua kiganjani mpira ushikane bila kuchuruzika maji, shindilia kwa nguvu tabaka kwa tabaka, funika na nailoni, weka uzito juu, kaza kifuniko. Baada ya wiki tatu fungua. Harufu iwe ya uchachu mtamu, kama togwa iliyopitiliza siku, na rangi iwe ya kahawia hafifu au kijani iliyofifia. Ikiwa nyeusi, ina utelezi, au inanuka kama siagi iliyooza, itupe yote, usionje bahati yako kwa mnyama mmoja.

Watu wengi hukimbilia pipa la lita 200 kwa sababu ndilo wanaloliona kwenye mafunzo. Kwa mwenye mbuzi watano ni kosa. Ukishafungua pipa, hewa imeingia, na kwa joto letu saileji iliyoguswa na hewa inaanza kupata moto na kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Inabidi kila siku uchote tabaka zima la juu, na mbuzi watano hawawezi kulimaliza. Chukua ndoo za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kula, zenye kifuniko kinachobana, uvundike nyingi ndogondogo. Unafungua moja, unaimaliza kwa siku mbili tatu, unafungua nyingine. Ndoo zilizokuwa na rangi ya nyumba achana nazo hata kama umezisugua.

Kupika

Sehemu hii inawahusu wafuga nguruwe zaidi kuliko wengine. Ukoko, wali uliobaki, mchuzi, mabaki ya sahani kwa mama lishe na hotelini: hivyo vinapikwa, hakuna mjadala. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, inaua karibu wote walioipata, na virusi vyake vinaweza kukaa ndani ya nyama ya nguruwe kwa miezi kadhaa. Kipande kimoja cha kitimoto kilichorudi kwenye sahani ya mteja kinaweza kufagia banda zima na la jirani. Mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ni kuyaweka mabaki hayo kwenye nyuzi 90 kwa angalau dakika 60 huku yakikorogwa. Yaani kuyapasha moto hadi yaanze kufuka moshi na kuyaepua si kupika. Na sufuria la mabaki mabichi na ndoo ya chakula kilichoiva visitumie mwiko mmoja.

Wafuga kuku nao wasikae kimya. Utumbo na vichwa vya kuku kutoka machinjioni ya sokoni ni njia inayojulikana ya ugonjwa wa kideri (Newcastle) kuingia bandani. Na ng'ombe na mbuzi wasipewe nyama wala mifupa ya aina yoyote, iwe imepikwa au mbichi.

Upande wa pili, naona mkaa mwingi ukiteketea bila sababu. Majani ya kabichi yaliyotoka kwenye lori la Lushoto hayajapita jikoni kwa mtu, hayahitaji sufuria. Ndizi nazo hazihitaji. Vinavyonufaika na moto ni maharage yaliyotoboka, ambayo mabichi yana sumu inayomwangusha nguruwe na kuku, pamoja na viazi. Wauza chipsi wanatoa maganda ya viazi kila jioni, na nguruwe wanayachangamkia yakichemshwa; mwaga maji uliyochemshia, na maganda yenye rangi ya kijani usiyachukue kabisa, kwani sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Ukiweka gharama ya mkaa na muda wa kukoroga, kupika ndiyo njia ghali kuliko zote hapa. Inalipa pale tu mabaki yenyewe ni mazito, wali na ugali, na wanyama ni wengi kiasi cha kumaliza sufuria siku hiyohiyo. Mabaki yaliyopikwa yakalala usiku wa Februari hayana tofauti na yaliyolala bila kupikwa.

Nzi chuma

Kwa vile vilivyokataliwa na njia zote za juu, matikiti yaliyopasuka, nyanya zilizolainika, maembe yenye funza, kuna wadudu. Nzi chuma, kwa jina la kitaalamu Hermetia illucens, ni mweusi, mrefu kidogo, mzembe wa kuruka. Mkubwa wake hali chakula chako wala haingii jikoni kutua kwenye sahani. Anapandana, anataga na kufa. Mabuu ndiyo yanayokula, na hali ya hewa wanayoipenda, nyuzi 27 hadi 30 hivi, ndiyo tunayoishi ndani yake. Ulaya watu wanawasha hita kuwafuga.

Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi. Mabuu hula kwa wiki mbili au zaidi kidogo, kisha yanakuwa meusi na kuanza kutafuta pakavu pa kujificha. Ukiweka kwenye beseni ubao ulioinama, yatapanda yenyewe na kudondokea kwenye ndoo uliyoitega chini. Kuku wakiona ndoo hiyo huhitaji kuwaita. Yakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini, na hapo ndipo yanapoziba pengo ambalo ndizi na kabichi haziwezi kuliziba. Kilo mia ya masalo inaweza kukupa kati ya kilo 10 na 20 za mabuu mabichi, kutegemea umewalisha nini, na kinachobaki chini ya beseni ni mbolea ambayo wakulima wa mchicha wa mabondeni wataifuata wenyewe.

Mambo mawili yanawaangusha wanaoanza. Maji, tena: matikiti matupu yanageuza beseni kuwa uji na mabuu yanakimbia yote usiku mmoja, kwa hiyo changanya na pumba, machicha ya bia au maranda. La pili ni sisimizi na siafu. Meza iwe na miguu minne, kila mguu kwenye kopo lenye maji na oili chafu kidogo juu yake.

Usichanganye njia hii na ile ya kuacha mzoga au utumbo ushikwe na nzi wa kawaida ili kuku wapate funza. Funza wa mizoga wanaweza kubeba sumu inayolegeza shingo za kuku na bata hadi wafe, na kwa joto hili inatokea haraka.

Vinavyobaki sokoni

Parachichi, hasa ganda, kokwa na majani: kuku na mbuzi hapana. Vitunguu vingi kwa ng'ombe hapana, vinavunja chembe nyekundu za damu. Viazi vitamu vyenye madoa meusi ya ukungu hapana, vinaharibu mapafu ya ng'ombe. Chochote chenye chumvi nyingi, achari, bisi, krispi zilizofika tarehe, waachie wengine.

Nani achague nini

Mwenye kuku hamsini wa mayai Mbezi au Tabata asihangaike na mapipa. Achukue majani na maganda ya tikiti kidogo ya asubuhi, na nguvu yake aiweke kwenye beseni mbili tatu za nzi chuma. Hapo ndipo masalo yanapogeuka kuwa kitu kinachopunguza bili ya chakula kweli, kwa sababu protini ndiyo inayouzwa ghali.

Mwenye mbuzi sita Goba anahitaji maganda ya ndizi na majani ya alfajiri, maganda ya muhogo yaliyoanikwa, na majani ya kawaida ya porini ambayo hayapaswi kukosekana hata siku moja. Mkate mkavu ni nyongeza ya mkononi tu. Kuvundika ni hiari yake.

Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa Kibamba yeye naona avundike, kwani ng'ombe mmoja wa kilo 400 anataka kilo 10 hadi 12 za uzito mkavu kila siku na hakuna guta la nyanya litakalompa. Ila kwake pipa la lita 200 lina maana. Wawili hao wanaweza kulimaliza bila kuliacha lichemke. Na kila kinachonukia ukungu kiishie nje ya geti, maana kinachoingia mdomoni kwao kinatoka kwenye chupa za wateja.

Mwenye nguruwe kumi na tano Kigamboni ndiye pekee ninayemshauri anunue sufuria kubwa, na hata yeye kwa sharti kwamba ana mkataba wa uhakika na hoteli au mama lishe kadhaa wa jirani. Kama chanzo chake ni masoko ya ng'ambo ya kivuko, aachane na mkaa, abebe ndizi, avundike, anunue mashudu. Kivuko na foleni vinakula saa mbili tatu za masalo yake kila safari, kwa hiyo kibichi cha siku hiyohiyo kwake ni ndizi na viazi tu, basi.

Na wote wanaoanika, kuanzia katikati ya Machi waangalie mawingu. Masika yakishaingia, turubai linakunjwa hadi Juni, na ndoo zilizofungwa Februari ndizo zitakazoliwa Aprili.